Kodi ya Shamba Isigeuke Utwana: Mwongozo kwa Wanaokodi Mashamba Mpemba

Mvua za Novemba zikikaribia, wengi hapa Mpemba hutafuta eka moja au mbili za kukodi walime mahindi. Mwongozo huu ni wao. Unaanza na historia, kwa kuwa ukabaila nao ulianza kama mapatano ya kawaida kati ya mwenye shamba na mwenye shida.

Mwaka 332 Kaizari Konstantino wa Roma alipiga marufuku wakulima wapangaji kuyahama mashamba ya mabwana. Dola ya Roma ilipoanguka, mkulima mdogo wa Ulaya alikabidhi shamba lake kwa bwana mwenye askari ili apate ulinzi, kisha akaendelea kulilima huku akimtumikia bwana siku kadhaa kila wiki. Watoto wakarithi utumishi huo.

Kwetu ukabaila ulikuwepo pia. Buhaya uliitwa nyarubanja: mkama, yaani mfalme, alimgawia ndugu au mtu wake wa karibu eneo pamoja na wakulima waliokuwa wakiishi humo. Mtu aliyelala na migomba yake aliamka mtwarwa, yaani mpangaji, anayempelekea mtwazi, bwana wake mpya, ndizi, pombe na nguvu zake. Sheria ya mwaka 1965 ndiyo iliyowapa watwarwa ardhi waliyoilima.

Kwa hiyo andikeni kabla ya kushika jembe. Karatasi ya daftari inatosha: ukubwa wa shamba mkishalipima kwa kamba nyote wawili, kodi, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saini na mashahidi. Kama kodi ni magunia, taja kilo, lumbesa isije ikaingia. Mzee mwenye shamba mwamkie shikamoo yake kwa heshima zote, na bado umwombe asaini.

Angalia sana neno "utanisaidia kidogo palizi". Msaada usio na siku wala malipo ndiyo mlango wa utwana. Palizi ikiwa sehemu ya kodi, ziandikwe siku ngapi; isipokuwa sehemu ya kodi, ni kibarua, nawe ulipwe. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kumlazimisha mtu kazi. Mkeo na wanao hawakusaini chochote.

Mkikosana, anzia serikali ya mtaa, kisha Baraza la Kata kwa usuluhishi. Likishindwa, shauri huenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Nenda na karatasi yako, na uende mahindi yangali shambani.