SOMO LA UFUNDI: KUREKEBISHA RANGI YA GARI NA HAKI YA FUNDI



Somo letu safari hii ni la wenzetu walioko katika magereji na vituo vya kuoshea magari, hasa wale wanaong'arisha magari na kuondoa mikwaruzo katika rangi. Wengi huidharau kazi hii. Husema ni kazi ya kitambaa na nguvu za mkono, na kwa hiyo ujira wake huwa mdogo na lawama zake nyingi. Ukweli ni kwamba ni kazi ya vipimo, na fundi asiyejua vipimo huumia mara mbili: huharibu mali ya mteja, kisha hukatwa mshahara wake. Twataka kueleza kazi yenyewe hatua kwa hatua, halafu tuangalie afya na haki za anayeifanya.

1. Rangi ya gari ni nini?

Gari la siku hizi lina matabaka kadhaa juu ya bati. Kwanza ni tabaka la kuzuia kutu, ambalo kiwandani hupakwa kwa kutumbukiza bodi katika dawa na kupitisha umeme. Pili ni praima. Tatu ni rangi yenyewe tunayoiona, nyeupe au buluu au nyekundu. Mwisho ni tabaka linaloonyesha kama kioo, ambalo mafundi huliita kliya. Kazi ya kliya ni kung'aa na kuikinga rangi iliyo chini yake na jua.

Matabaka haya yote kwa pamoja, kwa gari lililotoka kiwandani, aghalabu yana unene wa mikroni 100 hadi 150. Mikroni 1,000 ni milimita moja. Karatasi moja ya kawaida ya ofisi ina unene wa mikroni 100 hivi. Basi rangi yote ya gari ni kama karatasi moja au moja na nusu, na kliya peke yake ni mikroni 35 hadi 50, yaani haizidi nusu ya karatasi hiyo.

Hapo ndipo msingi wa somo letu ulipo. Kuondoa mkwaruzo kwa mashine si kuujaza. Ni kuipunguza kliya iliyouzunguka mpaka uso uwe sawa na kina cha mkwaruzo. Kila mara gari linapong'arishwa kwa kompaundi, kliya hupungua na hairudi. Ni akiba inayotumika bila kuongezwa. Tena dawa za kuzuia jua zimo ndani ya kliya hiyo hiyo. Ikikwanguliwa mno, gari hung'aa siku ya kwanza, kisha baada ya muda juani huanza kubabuka.

2. Chanzo cha uharibifu

Rangi huharibika kwa sababu nyingi. Jua kali la nchi zetu huikausha. Vumbi jekundu la barabara za marumu, likipanguswa kikavu kwa kitambaa, ni msasa mtupu. Kinyesi cha ndege, kwa mfano wale korongo wakubwa wa Kampala waitwao kaloli, kikiachwa juani juu ya boneti huila kliya na kuacha alama. Lakini mikwaruzo mingi midogo ya duara, ile inayoonekana kama utando wa buibui taa inapomulika, hutokana na uoshaji mbaya: ndoo moja, kitambaa kimoja, maji yenye mchanga.

3. Kazi yenyewe

Kupokea gari. Wahenga walisema, mali bila daftari huisha bila habari. Kabla ya kugusa gari, lizunguke pamoja na mteja au mpokeaji, andika kila mkwaruzo na kila kovu, kisha nyote wawili mtie sahihi. Pima unene wa rangi kwa kipimo maalumu, angalau sehemu tatu katika kila mlango, boneti na paa, na uandike. Kumbuka kwamba kipimo cha kawaida hutoa jumla ya matabaka yote, si kliya peke yake, na hakisomi kitu juu ya bumpa ya plastiki. Hata hivyo kinasema mengi. Ikiwa milango mitatu inasoma 120 na wa nne unasoma 300, mlango huo umekwisha kupakwa rangi upya. Namba kubwa zaidi ya hapo huweza kumaanisha kuna puti chini. Na boneti ikisoma 85 ilhali paa linasoma 120, yaelekea wengine wamekwisha kuila kabla yako. Usiiongezee mzigo.

Kuosha. Fanya kazi kivulini, bodi ikiwa baridi. Mwagia maji kwanza ili mchanga uondoke wenyewe. Tumia ndoo mbili, moja ya shampuu ya gari na moja ya kusuuzia glavu. Anzia paa na umalizie chini kwenye matope. Magurudumu yawe na kitambaa chao.

Kunasa uchafu. Baada ya kuosha, pitisha kiganja. Ukisikia vichembe, tumia udongo maalumu wa kusafishia rangi, uso ukiwa umeloa maji ya sabuni. Udongo ukianguka chini, utupe. Umekwisha kuokota mchanga.

Kujaribu. Ziba kwa tepu ya karatasi kingo, taa na mpira wa madirisha. Kisha chagua sehemu moja ndogo, sentimita 50 kwa 50, ujaribu. Anza na dawa laini na pedi laini ya sponji. Ikitosha, usiende mbele. Isipotosha ndipo upande: pedi ngumu zaidi, kompaundi kali zaidi, na mwisho pedi ya sufu. Kuanza na silaha kali ni kupoteza akiba ya mteja bila sababu. Mkwaruzo unaonasa ukucha, aghalabu ni mrefu kwenda chini kuliko kliya inavyoruhusu. Mwambie mteja kwamba utapunguzwa makali yake lakini hautafutika.

Mashine. Zipo za aina mbili. Ile ya mzunguko mmoja hukata haraka na hutoa joto jingi. Ikikaa mahali pamoja sekunde chache, huunguza. Ile inayozunguka huku ikitikisika pembeni hukata polepole, nayo ni salama zaidi kwa anayejifunza. Weka pedi juu ya rangi kabla ya kuwasha. Iendeshe taratibu, kila mstari ufunike nusu ya mstari uliotangulia, mara nne hadi sita. Kwenye kingo na mikunjo ya bodi, kliya huwa nyembamba kuliko penginepo. Hapo punguza mkono, au fanya kwa mkono mtupu. Gusa bodi mara kwa mara. Ikiwa moto, simama.

Kukagua. Futa mafuta ya dawa kwa spiriti iliyochanganywa na maji, kisha mulika kwa taa moja kutoka ubavuni. Tunasisitiza hatua hii, kwa kuwa dawa nyingi zina mafuta yanayojaza mikwaruzo kwa siku chache. Gari linalong'aa jioni na kurudi na utando wake baada ya kuoshwa mara mbili halikurekebishwa, lilifichwa tu.

Kukinga. Malizia kwa nta au dawa nyingine ya kinga. Nta huisha baada ya wiki au miezi kadhaa. Kinga za seramiki hudumu zaidi, lakini hazizuii jiwe la barabarani, wala hazimruhusu mwenye gari kulipangusa kikavu.

4. Afya ya fundi

Kazi hii huonekana safi, lakini madhara yake yapo. Mwaka 1989 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka kazi ya upakaji rangi katika kundi la kwanza, yaani miongoni mwa mambo yanayojulikana kwa hakika kusababisha saratani. Anayeng'arisha gari mara nyingi hufanya kazi chini ya paa moja na mpiga rangi, na huvuta hewa ile ile.

Kwanza, kliya inayochanganywa na hadina ina kemikali ziitwazo isosayaneti. Hizi huleta pumu, na aliyekwisha kuathirika huweza kushikwa na kifua hata kwa kiasi kidogo sana. Kitambaa puani hakisaidii kitu. Yafaa chumba cha kupulizia kitengwe, na anayepuliza apewe kifaa kinachomletea hewa safi kutoka nje.

Pili, rangi za zamani, hasa za njano na nyekundu, ziliwahi kutengenezwa kwa kromati ya risasi. Usizipige msasa mkavu. Tumia maji, nawa mikono kabla ya kula, na usipeleke nguo za kazi nyumbani kwa watoto.

Tatu, baadhi ya dawa za kusafishia rimu zina asidi ya hidrofloriki au chumvi zake. Asidi hii hupenya ngozi mpaka mfupani, na maumivu huweza kuchelewa kwa saa nyingi. Ikikupata, osha kwa maji mengi na uende hospitali mara moja ukiwa na chupa yake. Dawa isiyo na maandishi juu ya chupa isitumike.

Nne, mashine ya umeme na sakafu yenye maji ni mauti. Panahitajika kikata umeme cha miliampia 30, na waya zisizo na viraka.

5. Haki na wajibu

Sasa tuje kwenye jambo linaloleta ugomvi kuliko yote. Kliya imetoboka kwenye ukingo wa mlango. Nani alipe? Mara nyingi jibu hutolewa kabla ya swali: fundi akatwe.

Mkataba namba 95 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1949, katika kifungu cha 8, unasema mshahara usikatwe ila kwa masharti na kiasi kilichowekwa na sheria ya nchi, au na makubaliano ya pamoja, au na uamuzi wa usuluhishi. Kwa jirani zetu wa Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 19, inamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Kliya iliyokuwa nyembamba kabla gari halijafika gereji si kosa la makusudi. Lakini utalithibitishaje hilo bila vipimo vilivyotiwa sahihi? Ndiyo sababu tumesema daftari ni sehemu ya ufundi.

Kuhusu vifaa, Mkataba namba 155 wa mwaka 1981, kifungu cha 21, unasema hatua za usalama kazini zisimgharimu mfanyakazi chochote. Tangu Juni 2022 mkataba huo umo katika mikataba ya msingi ya Shirika la Kazi Duniani, ambayo kanuni zake kila nchi mwanachama hupaswa kuziheshimu, hata isiyouridhia. Barakoa na glavu, basi, si za kununua kwa mshahara wako.

Nasi tuna wajibu. Fundi asiyepima hawezi kudai kuwa ameonewa. Anayeficha mikwaruzo kwa mafuta akasema ameiondoa, anawavunjia jina mafundi wote. Na mwajiri anayetaka gari zima lirekebishwe kwa saa mbili aambiwe wazi kwamba kazi kamili huchukua siku nzima, hata mbili. Haraka haraka haina baraka, na katika kazi hii ukosefu wa baraka huonekana kwenye kingo za milango. Kwa hiyo tupendelee ujira wa saa au wa siku kuliko ujira wa kila gari, kwa maana ujira wa kila gari humsukuma fundi aongeze kasi ya mashine.

Maswali ya kujadili katika tawi

1. Kliya ina mikroni 40, na kila kung'arisha kwa kompaundi kali kunakula 5. Baada ya mara tatu imebaki ngapi? Je, ungekubali kuifanya ya nne?

2. Katika gereji lenu kuna daftari la kupokea magari? Nani hutia sahihi?

3. Orodhesheni dawa zote mnazotumia. Ni zipi hazina maandishi juu ya chupa?

4. Ni nani kati yenu aliyekatwa mshahara kwa rangi iliyoharibika, na alionyeshwa sheria gani?

Majibu ya swali la tatu na la nne yaandikwe na yapelekwe kwa katibu wa tawi, ili kikao na mwajiri kianze na mambo yaliyoandikwa.