Pweza Hakupigwa, Mama Akanyamazishwa

Msomaji mmoja wa Kikwajuni ameiandikia safu hii kwa hasira. Alipopandishwa cheo kazini alimwita mama yake kutoka Jambiani, akampeleka kula kwenye mkahawa wa juu ya paa, Shangani, unaotazama bahari. Wakaagiza pweza wa nazi. Wakangoja mpaka kiza kikaingia, akaletwa pweza mgumu kama mpira ndani ya tui lililokatika. Bili ikaja Sh 180,000. Sasa anauliza: adai fedha zake, au awaanike mtandaoni?

Barua ni ndefu, na karibu yote ni bili. Lakini katikati ipo sentensi moja aliyoipitisha harakaharaka: "Mama alitaka kumwita mhudumu amwambie pweza huyu hakupigwa, nikamkanyaga mguu chini ya meza, maana meza ya pili walikaa wageni."

Hapo ndipo penye donda.

Kuhusu fedha, chakula kibaya hulalamikiwa kingali mezani, kwa adabu, kwa meneja. Yeye alilipa, akashukuru, akaondoka. Hayo yamekwisha.

La mguu wa mama halijaisha. Barua yenyewe inasema mama huyo alimsomesha kwa pweza. Wanawake wa pwani ya mashariki ya Unguja hushuka mwambani wakati wa bamvua, maji yakishatoka mbali, wakamchokoa pweza pangoni kwa fimbo. Akitolewa hupigwa juu ya jiwe mpaka alegee. Jikoni huchemshwa kwanza kwa maji yake mwenyewe; tui zito hutiwa mwisho, na mkono haukomi kukoroga, la sivyo hukatika. Mama huyu alitia tonge moja tu mdomoni akajua kosa lilianzia wapi. Usiku ule pale paani fundi wa pweza alikuwa yeye, na mwanawe akamfunga mdomo.

Alimwonea haya. Safu hii haina neno laini zaidi la kumpa.

Wala hayuko peke yake. Mji Mkongwe, iliko Shangani, uliingizwa katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na majumba mengi sasa ni hoteli. Wenyeji wengi wanaingia humo wakinong'ona, wakiogopa kuonekana washamba, katika mji ambao wazee wao waliujenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Wanakula kibaya, wanalipa, wanatabasamu. Kwa nini? Pweza wa nazi ni chakula chao. Mtalii akimrudisha jikoni husikilizwa. Bibi wa Jambiani ana haki hiyohiyo, na ujuzi zaidi. Lau angeachwa aseme, huenda mpishi yule angepata somo.

Basi kijana asimpeleke mama mkahawa mwingine kufidia. Apande daladala mpaka Jambiani, akae naye barazani, na mbele ya ndugu zake amwambie kwamba yeye mama alisema kweli, na kumkanyaga mguu lilikuwa kosa. Amwombe radhi wiki hii hii.