Mafunzo Niliyopata kwenye Shamba la Kahawa

Shamba letu liko Othaya, Nyeri. Baiolojia niliyosoma darasani ilinielea vizuri zaidi nilipoanza kuitunza mibuni aliyotuachia babu. Haya ndiyo niliyojifunza.

1. Ladha ni urithi mmoja, kinga ni mwingine

Mibuni ya babu ni SL28, aina iliyochaguliwa na Scott Laboratories, Kabete, miaka ya 1930. Kahawa yake husifiwa duniani kote, lakini haiwezi chulebuni, ugonjwa ambao wakulima wengi huuita CBD. Baridi na mvua zikikutana, matunda mabichi huingia weusi na kupukutika. Mti unaweza kujaliwa utamu ukanyimwa kinga.

2. Mmea hujitetea papo hapo

Mtu akiambukizwa, seli nyeupe za damu hukimbilia penye adui. Mbuni hauna damu, kwa hiyo kila seli hujipigania ilipo. Kuvu ya chulebuni ikipenya ngozi ya tunda lenye kinga, seli za jirani hujenga ukuta mgumu na kuizuia, likabaki kovu dogo tu. Maelekezo ya ujenzi huo yamo katika DNA. Wajenzi ni protini.

3. Jeni nyingine hudai wazazi wote wawili

Watafiti wa kahawa huko Ruiru walitambua jeni za kinga dhidi ya chulebuni, miongoni mwao R kutoka aina ya Rume Sudan na k kutoka K7. R ikirithiwa kwa mzazi mmoja tu, hufanya kazi. Jeni k hujificha mpaka irithiwe kwa wote wawili. Kukusanya jeni kama hizo katika mti mmoja ni kazi ya miaka mingi.

4. Usiokote mbegu chini ya Ruiru 11

Ruiru 11, iliyotolewa mwaka 1985, ni chotara. Mbegu yake hupatikana kwa kuchavusha maua kwa mkono. Ukipanda mbegu za mti huo, jeni hugawanyika upya, kama Mendel alivyoeleza kuhusu njegere mwaka 1866: watoto wengine hupata kinga, wengine huikosa. Batian, iliyotolewa mwaka 2010 na kupewa jina la kilele kirefu zaidi cha Mlima Kenya, haina tatizo hilo, kwani watoto wake humfuata mzazi.

5. Kupandikiza hakuchanganyi urithi

Tulipandikiza vikonyo vya Batian kwenye visiki vya SL28. Mizizi imebaki SL28, matunda ni Batian, wala hakuna upande uliobadili jeni za mwenzake. Hatukulazimika kung'oa mti hata mmoja.

Basi wewe mkulima wa Tetu, Mathira au Mukurweini, ukifika kitaluni usianze na bei. Uliza kwanza mche ni wa aina gani na mbegu yake ilitoka wapi. Kinga haionekani kwa kutazama majani.