Kutapatapa kwa Mnyama Aliyechinjwa

Jua, ewe msomaji, ya kuwa watu wachinjapo huchanganya mambo mawili: mwendo wa mwili na fahamu ya mnyama. Kuku akichinjwa akaruka uani na kupiga mbawa, walio karibu humhurumia na kusema, "Bado yumo katika maumivu." Na ng'ombe akilala kimya, mchunaji hutia kisu katika ngozi kwa kudhani kuwa yote yamekwisha. Huyu wa pili ndiye wa kukhofiwa zaidi, kwani kosa la wa kwanza ni huruma isiyo mahali pake, na kosa la wa pili ni kumchuna kiumbe ambaye huenda angali anahisi.

Katika vitabu vya madhehebu ya Imamu Shafi'i hali hii ina jina lake, harakatul madhbuhi, yaani mwendo wa aliyechinjwa. Maana yake ni hali ambayo haikubaki ndani yake kuona, wala kusema, wala mwendo wa khiari. Kinyume chake ni hayatun mustaqirra, uhai uliotulia. Mbuzi aliyetumbukia shimoni au aliyeraruliwa na fisi, akawahiwa na kisu hali ana uhai huo, ni halali. Asipowahiwa ni mzoga. Na katika alama za uhai huo maulamaa wametaja mwendo wa nguvu baada ya kuchinjwa, na damu kububujika. Basi neno la kuangaliwa hapa ni khiari. Mwendo upo wenye khiari na upo usio na khiari, na kila mmoja una mahali utokapo katika mwili.

Nyama nyekundu iliwayo ndiyo misuli. Kila msuli ni fungu la nyuzi, na ndani ya kila uzi mna nyuzi ndogo zaidi za namna mbili, zimepishana kama vidole vya mikono miwili. Amri ifikapo, hizi huvutana na zile, zikateleza, na msuli wote ukafupika. Jambo hili lilibainishwa mwaka 1954. Msuli hujua kuvuta tu, haujui kusukuma. Kwa sababu hiyo kila kiungo kina misuli ya kukunja na misuli ya kukunjua, na huu ukikaza ule hulegea.

Amri huletwa na mishipa ya fahamu, ambayo kwa Kiarabu ni a'sabu. Hiyo si mishipa ya damu, wala si kano, ijapokuwa weupe wake humdanganya asiyezoea. Tangu karne ya 2 tabibu Galen aliwaonyesha watu wa Rumi nguvu yake: alikata mishipa miwili myembamba ya koo la nguruwe aliyekuwa akilia, na sauti ikakatika pale pale, na mnyama angali anapumua na kujitupatupa. Baadaye Luigi Galvani wa mji wa Bologna alitoa kitabu mwaka 1791 juu ya miguu ya chura iliyokwisha kutengwa na kiwiliwili, ambayo ilirusharusha kila ilipoguswa na umeme. Chura amekufa, mguu unapiga teke! Mwenye kulitaka jibu la kuku wa uani na alitafute hapo.

Kwani katika mshipa wa fahamu hupita kitu cha namna ya umeme, ila hakipiti kama umeme wa waya. Ni chembe za chumvi ziingiazo na kutoka katika ukuta wa mshipa, hatua baada ya hatua, na kwa hivyo khabari huchukua muda kufika. Hermann von Helmholtz aliupima muda huo katika chura mwaka 1850, akapata kiasi cha mita 27 kwa sekunde. Na mwisho wa mshipa, pale ukutanapo na msuli, umeme hauruki: hutoka maji yenye dawa iitwayo asetilikolini, nayo ndiyo iuamshao msuli. Sumu ya mishale ya watu wa Marekani ya Kusini, kurare, huziba mlango huo. Aliyechomwa nayo halegei kwa kuwa misuli imekufa, bali kwa kuwa amri haiingii.

Njia ya amri na njia ya khabari ni mbili mbalimbali. François Magendie alionyesha mwaka 1822 kuwa mizizi ya mbele ya mishipa, hapo itokapo katika uboho wa uti wa mgongo, hupeleka mwendo, na mizizi ya nyuma huleta hisia. Hisia haziwi maumivu mpaka zifike katika ubongo. Lakini mwendo waweza kuzaliwa chini, katika uboho wenyewe, pasina ubongo kujua lolote. Humo mna mafundo ya mishipa yajuayo kutembeza miguu na kupiga mbawa. Ubongo huyaongoza na kuyazuia. Shingo ikikatwa, kizuizi huondoka, na mafundo hupiga kwa fujo mpaka yaishiwe na damu. Huko ndiko kuruka kwa kuku. Si khiari, wala si kilio.

Kisa cha jogoo wa Colorado, Marekani, hakivunji maneno haya. Mwaka 1945 alikatwa kichwa kwa shoka, akaishi miezi 18 akilishwa kwa koo, na watu wakalipa kumtazama. Shoka lilikuwa limepita juu mno, likaacha shina la ubongo, ambalo ndilo lishikalo pumzi. Huyo hakuchinjwa, alikatwa vibaya.

Sasa itazamwe mas'ala ya kukata uboho wa shingo. Maulamaa wamechukia mchinjaji kupitisha kisu mpaka kwenye nukha'i kabla roho haijatoka. Anayefanya hivyo hupendezwa na utulivu wa mnyama, kwani mwili wote hunyamaza mara moja. Lakini umenyamaza kwa kuwa njia ya amri imekatwa. Mishipa ya macho, ya masikio na ya uso haipiti shingoni, huingia katika ubongo moja kwa moja, na kichwa chaweza kuwa na fahamu juu ya mwili usioweza hata kutikisika.

Kinachozima fahamu ni damu kukosekana katika ubongo. Wajibu ni kukata koromeo na umio, na sunna ni kukata pamoja nazo mishipa miwili mikubwa ya damu ya ubavuni mwa shingo. Asiyeikata hiyo humkawiza mnyama. Mbuzi na kondoo hupotewa na fahamu kwa sekunde chache. Ng'ombe aweza kukawia zaidi, kwani ana mishipa mingine ya damu ipitayo ndani ya mifupa ya shingo, ambayo kisu hakiifikii, nayo kwake huendelea kupeleka damu kidogo juu. Kwa hivyo mchunaji na asitazame miguu. Na aguse jicho kwa ncha ya kidole: likipepesa, na asubiri, na pumzi ya mbavu ikiwa ingali ikienda na kurudi, na asubiri.

Na ile alama ya mwendo wa nguvu ina sababu yake. Uboho uliokosa damu kwa dakika kadhaa hauwezi tena kurusha mguu. Ama kutetemeka kwa vipande vya nyama juu ya meza ya bucha si dalili ya lolote, kwani msuli hubaki na akiba yake. Pweza ni zaidi: katika chembe zake za fahamu zipatazo milioni 500, kiasi cha thuluthi mbili zimo katika minyiri, na mnyiri uliokatwa hushika na kujikunja peke yake. Akiba ya msuli ikiisha, zile nyuzi mbili hushikana na haziachani, ndipo nyama ikakauka ngumu. Kuku upesi, ng'ombe baada ya saa nyingi.