Tuhesabu na Mema

Wahenga walisema: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Ndivyo ulivyo moyo wa binadamu: baya moja hulishika kwa miaka, na mema kumi huyaacha yapite. Woga huo hutukinga na hatari. Lakini moyo unaokesha siku zote huchoka.

Uzito wa jambo hili waujua wazee wa Katumba. Wengi wao waliletwa katika misitu ya Mpanda tangu mwaka 1973, wakiwa wamekimbia mauaji ya Burundi ya mwaka 1972. Je, twawaambia wasahau? Hasha. Waliokufa wana haki ya kukumbukwa. Twasema tu kwamba hesabu isiyo na mema ni hesabu pungufu. Msitu ulifyekwa, yakapandwa mahindi, maharage na mihogo, na waliofika mikono mitupu wakajilisha. Mwaka 2010 Serikali ya Tanzania iliwakubalia uraia watu zaidi ya 160,000 wa Katumba, Mishamo na Ulyankulu. Vyeti vikaanza kutolewa mwaka 2014. Mtoto asimuliwaye habari za 1972 peke yake amepewa nusu ya urithi wake.

Basi, tufanyeje? Mwaka 2005 mtaalamu wa saikolojia wa Marekani, Martin Seligman, pamoja na wenzake, walitangaza matokeo ya jaribio jepesi. Watu waliombwa kuandika kila usiku, kwa juma moja, mambo matatu yaliyokwenda vema, na sababu ya kila moja. Furaha yao iliongezeka na huzuni ikapungua hata miezi sita baadaye, hasa kwa walioendelea kwa hiari yao.

Neno la kushika hapa ni sababu. Tusiseme tu, "Leo kulikuwa kwema." Tuseme, "Jirani amenisaidia kupukuchua mahindi, kwa kuwa juzi nilimuuguzia mtoto." Hapo twaona ya kuwa mema yana mikono iliyoyaleta, na mara nyingine mikono hiyo ni yetu wenyewe.

Asiyejua kuandika na asimulie wakati wa chakula cha jioni, watoto wakisikia. Wala hii si dawa ya kila jeraha: asiyeweza kula wala kulala kwa majonzi yampasa kwenda hospitali, wala si aibu.

Wasomaji wetu, usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, tuhesabu matatu.