Kiti cha Mtazamaji: Njia ya Kuandaa Viongozi wa Chama cha Msingi

Shabaha ya somo hili ni kuwaeleza makatibu na wanachama jinsi chama cha msingi kinavyoweza kumkaribisha mwanachama asiye mjumbe ahudhurie vikao vya Bodi kama mtazamaji, ili ajifunze uongozi kabla ya kubebeshwa dhamana yake. Somo linawahusu hasa wale ambao hawajapata kuketi mezani pa Bodi: vijana, wanawake, na, katika Mkoa wa Singida, Wahadzabe wa Wilaya ya Mkalama.

1. Sababu za kuwa na mtazamaji

Kanuni za ushirika zilizothibitishwa duniani mwaka 1995 ni saba. Ya kwanza husema kwamba uanachama ni wa hiari na mlango wake u wazi kwa wote bila ubaguzi. Ya tano huagiza elimu na mafunzo kwa wanachama na viongozi. Katika vyama vingi kanuni ya kwanza hutimizwa katika daftari la wanachama tu. Jina la mtu huandikwa, hisa zake hupokelewa, mazao yake hupimwa. Lakini siku ya uchaguzi hurudi walewale. Si lazima pawe na hila. Mara nyingi sababu ni kwamba hakuna mwingine aliyewahi kuona makisio ya mapato na matumizi, wala kusikia jinsi ukomo wa madeni unavyojadiliwa, na mkutano mkuu huogopa kumkabidhi fedha mtu asiyezijua kazi hizo.

Historia ya ushirika nchini inafundisha jambo hilo. Mwezi Mei 1976 vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa, na ni Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 1982 iliyofungua njia ya kuvirudisha. Kijana aliyefikia umri wa kuongoza katika miaka hiyo ya kati hakuwa na Bodi ya chama kikuu ambayo angejifunza kwayo. Mbegu ya mtama isiyopandwa kwa misimu kadhaa huharibika ghalani, na ujuzi wa kuongoza nao hupotea usipotumiwa.

2. Wahadzabe na meza ya Bodi

Wahadzabe ni wenyeji wa kale wa nchi inayozunguka Ziwa Eyasi. Idadi yao ni ndogo, yapata watu elfu moja na ziada kidogo. Katika Mkoa wa Singida wanaishi Wilaya ya Mkalama, katika kijiji cha Munguli na mazingira yake, jirani na Wanyisanzu. Tangu zamani riziki yao imetokana na uwindaji, mizizi, matunda ya porini na asali.

Mara nyingi mambo yao yameamuliwa na wengine. Katika miaka ya 1960 Serikali iliwakusanya baadhi yao huko Yaeda Chini, ng'ambo ya mpaka wa mkoa, ili waishi kwa kilimo. Haukupita muda mrefu wengi wakarudi porini. Kinyume chake, mwaka 2011 Wahadzabe wa upande huohuo wa Yaeda walipata hati ya kimila ya ardhi kwa pamoja, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, baada ya wao wenyewe kushiriki katika kuipigania. Tofauti ya mambo hayo mawili ni somo kwa kila Bodi.

Hata hivyo, desturi yao ya kuamua haifanani na ya Bodi. Kambi ya Wahadzabe haina mtemi. Watu huzungumza hadi wakubaliane, na asiyekubali huweza kuhamia kambi nyingine bila ugomvi. Katika Bodi, jambo huamuliwa kwa kura za walio wengi, huandikwa katika kumbukumbu, hutiwa saini, na humfunga hata aliyelipinga. Kumchagua mtu kuwa mjumbe bila kumwonyesha tofauti hiyo ni kumwingiza mtoni bila kumwonyesha kivuko.

Jambo hili si la Tanzania peke yake. Nchini Australia, Waaborigini, yaani wenyeji wa asili wa nchi ile, wana sheria ya mwaka 2006 inayosimamia mashirika yao, na msajili wa mashirika hayo hutoa mafunzo ya uongozi kwa wajumbe wake. Zipo pia bodi nyingine zinazowapa wenyeji hao viti vya watazamaji ili wajifunze kazi kwa kuiona ikitendwa.

3. Mipaka ya mtazamaji

Mtazamaji huketi, husikiliza, husoma makabrasha ya kikao na huuliza anaporuhusiwa na Mwenyekiti. Hapigi kura, hatii saini hati za chama, wala hahesabiwi katika akidi. Kwa kuwa hakushiriki katika kuamua, lawama ya maamuzi si yake. Lakini hutunza siri za kikao kama mjumbe yeyote. Ajenda inayohusu mashauri ya nidhamu ya mtumishi au deni la mwanachama mmojammoja yafaa ijadiliwe yeye akiwa nje, na sababu aelezwe mapema asije akadhani amefukuzwa.

4. Wajibu wa Katibu

(a) Kusoma masharti ya chama. Ikiwa masharti hayatamki lolote juu ya waalikwa wa Bodi, Katibu aombe ushauri wa Afisa Ushirika wa Wilaya, na suala lipelekwe katika mkutano mkuu. Marekebisho ya masharti hayana nguvu mpaka yaandikishwe na Mrajis.

(b) Kuhakikisha kwamba mtazamaji anapendekezwa na wenzake, si na Mwenyekiti peke yake. Anayeletwa na mtu mmoja huona haya kumuuliza mtu huyo.

(c) Kuweka muda maalumu, kwa mfano mwaka mmoja, ukiwemo mkutano mkuu wa kupokea hesabu zilizokaguliwa.

(d) Kumpelekea ajenda na taarifa ya fedha siku kadhaa kabla ya kikao. Asiyejua kusoma vizuri asomewe na kuelezwa.

(e) Kusimamia lugha ya kikao. Wajumbe wakihamia Kinyisanzu, Kinyiramba au Kinyaturu pale mjadala unapokuwa mkali, mtazamaji asiyeijua lugha hiyo hupoteza sehemu iliyo ya maana kuliko zote. Kikao kiendeshwe kwa Kiswahili.

(f) Kuweka katika makisio nauli na chakula cha mtazamaji. Anayetoka mbali kwa miguu hatahudhuria mara ya tatu ikiwa amelala na njaa mara mbili.

5. Mfano wa kujifunzia

Na uchukuliwe mfano wa chama cha wafuga nyuki na warina asali. Taarifa ya ghala inaonyesha kwamba chama kimepokea kwa wanachama kilo 1,200 za asali iliyokwisha chujwa. Kimeuza kilo 1,120. Zilizomo ghalani ni kilo 50. Jumla ya zilizouzwa na zilizobaki ni kilo 1,170. Kwa hiyo kilo 30 hazionekani. Katika safu ya maelezo mtunza ghala ameandika: "Upungufu wa kuchuja." Wajumbe wamechoka, jua limekuchwa, na taarifa inakaribia kupitishwa.

Mtazamaji aliyelelewa katika kurina asali anaweza kuwa hajui maana ya urari wa hesabu, lakini anajua kwamba asali iliyochujwa nyumbani kwa mwanachama haichujwi tena ghalani. Akipewa nafasi atauliza swali moja tu: ilichujwa mara ya pili kwa sababu gani? Pengine liko jibu jema: pipa limevuja, au mizani ina kasoro. Pengine liko jibu baya. Kwa vyovyote vile, Bodi haiwezi kupitisha taarifa ile bila kulitafuta, maana kilo 30 zile ni jasho la wanachama.

Kwa sababu hiyo kila kikao kiwe na nafasi ya maswali ya mtazamaji kabla ya taarifa kupitishwa, siyo baada ya kufunga. Swali lake na jibu alilopewa viandikwe katika kumbukumbu. Ndipo itakapoonekana kwamba mafunzo hayaendi upande mmoja: mtazamaji hujifunza hesabu, na Bodi hujifunza asali.

6. Hatari ya kuepukwa

Kiti cha mtazamaji kinaweza kugeuzwa pambo. Chama humweka Mhadzabe au mwanamke mmoja mezani, humtaja mbele ya wageni, na mwaka baada ya mwaka humwacha palepale bila kura. Hapo kiti kilichokusudiwa kuwa mlango huwa ukuta, kwani kila anayedai haki ya kuchaguliwa hujibiwa kwamba watu wake tayari "wamo" katika Bodi. Haki ya kugombea haingoji mafunzo. Mwanachama anayetimiza masharti ya chama hazuiwi kugombea kwa sababu hajawahi kuwa mtazamaji. Mafunzo humwongezea uwezo, wala hayawi kibali.

Muda wa mtazamaji ukiisha, Katibu atoe taarifa katika mkutano mkuu: amehudhuria vikao vingapi, ameuliza nini, na yu tayari kugombea au la. Wanachama ndio watakaoamua. Samaki mkunje angali mbichi, walisema wahenga. Lakini anayekunjwa asikaushwe juani kabla hajafika sokoni.

Maswali kwa vikundi vya masomo

1. Katika chama chenu, ni wanachama gani ambao hawajapata kuwa na mjumbe katika Bodi? Tajeni sababu bila kuoneana haya.
2. Masharti ya chama chenu yanasema nini juu ya waalikwa wa vikao vya Bodi?
3. Someni tena mfano wa asali. Kama swali lisingeulizwa, hasara ingebebwa na nani, na ingejulikana lini?
4. Andikeni ratiba ya mwaka mmoja ya mtazamaji, mkionyesha atajifunza nini katika kila kikao.