Awamu si Hatua: Maana ya Msogeo wa Awamu

Kwa wengi, neno awamu humaanisha hatua, mathalani awamu ya uongozi. Katika fizikia, awamu ni mahali kitu kilipofikia katika mzunguko wake. Mfano ni baiskeli iendayo Bungoma kutoka Kitale: pembe ambayo gurudumu huzunguka kati ya nguzo moja na inayofuata ndiyo msogeo wa awamu. Katika mtambo wa kuongeza kasi ya chembe, mwale nao huyumba kwa mizunguko unapopita jozi za sumaku. Programu ya MAD-X ya CERN hurekebisha nguvu za sumaku mpaka msogeo katika kila jozi uwe, tuseme, nyuzi 90. Jozi nne hukamilisha mzunguko. Ukifikia nyuzi 180, mwale hupoteza uthabiti. Mfasiri aandikaye “hatua” huipoteza pembe, na hesabu pamoja nayo.